Butura ya Urais

Viongozi wakija Karagwe na Kyerwa hawaondoki bila kutukemea kuhusu butura, na wana haki ya kutukemea. Butura ni dhuluma. Mtu ana msiba nyumbani, au mtoto amerudishwa kutoka shule kwa kukosa sare, au mama mzazi amelazwa na dawa ni za kununua. Mnunuzi anafika na pikipiki, anaingia shambani, anatazama mikahawa ilivyojaa maua, anapiga hesabu kichwani, anachomoa noti chache. Kuanzia dakika hiyo madebe kadhaa ya maganda ni mali yake. Bei ikipanda mnadani, faida ni yake. Mwenye shamba atapalilia, atachuma, ataanika na kuanua kila mawingu yakijikusanya, kisha atampelekea mzigo mtu aliyeununua ungali ua.

Sasa nauliza: kwa nini urais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania unauzwa kwa butura, na wanaoununua ndio hao hao wanaotukemea?

Januari 19, 2025, Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulikuwa Dodoma. Wengi tulijua umeitishwa kumpata Makamu Mwenyekiti wa chama upande wa Bara, na Stephen Wasira akapatikana. Kabla wajumbe hawajafunga mabegi yao, ikaibuka hoja ukumbini kwamba mgombea urais apitishwe papo hapo. Akapitishwa. Rais Samia Suluhu Hassan kwa Muungano, Dkt. Hussein Mwinyi kwa Zanzibar, na Dkt. Emmanuel Nchimbi akatajwa kuwa mgombea mwenza. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi tisa. Hakuna fomu iliyokuwa imetolewa. Hakuna mwanachama mwingine aliyepewa nafasi ya kusimama na kusema na yeye anatia nia. Huku Ihembe, Karagwe, tulisikia redioni jambo lililokwisha, tukaambiwa tushangilie, na wengine tulishangilia kweli.

Yaliyofuata yalikuwa ni kulinda mkataba. Aprili 9 Tundu Lissu wa CHADEMA alikamatwa Mbinga, akafunguliwa kesi ya uhaini. Siku tatu baadaye Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba CHADEMA, kwa kuwa hawakusaini kanuni za maadili, hawatashiriki. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa kwenye kinyang'anyiro. Humphrey Polepole, mtu aliyewahi kuwa msemaji mkuu wa CCM yenyewe, alijiuzulu ubalozi wa Cuba mwezi Julai akilalamikia jinsi uteuzi ulivyofanyika. Mwezi Oktoba familia yake ikasema ametekwa. Ikafika Oktoba 29, siku ya kupiga kura.

Siku hiyo na siku zilizofuata intaneti ilizimwa nchi nzima. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu wakapigwa risasi. Huku vijijini tulibaki na simu za kawaida tu, na jioni ile ungeona wazazi wamesimama kwenye vilima, mahali mtandao unaposhika, wakipiga namba moja mara kumi kumuuliza kijana aliye Mwanza au Mbagala kama yu hai. Novemba 1 ikatangazwa kwamba mgombea ameshinda kwa asilimia 97.66. Novemba 3 akaapishwa Dodoma.

Msomaji, weka namba hiyo pembeni kidogo, kisha rudi mwaka 1985. Nchi ilikuwa na chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Kwenye ubunge mwananchi alikuwa na chaguo angalau la jembe au nyumba. Kwenye urais aliletewa jina moja, Ali Hassan Mwinyi, akaulizwa Ndiyo au Hapana. Mzee Mwinyi alipata zaidi ya asilimia 95. Hakuwa na mpinzani, kwa sababu sheria ilikataza mpinzani kuwepo. Miaka arobaini baadaye, tukiwa na vyama karibu ishirini vyenye usajili na bendera, mgombea wa chama hicho hicho anapata zaidi ya hapo. Anayetaka kuniambia kwamba tumepiga hatua anieleze tumepiga kuelekea wapi.

Nataka niwe mkweli kuhusu jambo moja, kwa sababu hasira isiyo na ukweli haina kazi. Tanzania inayo sifa ambayo jirani zetu wengi hawana: marais wetu huondoka. Mwalimu Nyerere aling'atuka mwenyewe Novemba 1985, mwaka mmoja baada ya Katiba kuwekewa ukomo wa vipindi viwili. Mwinyi akaondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Wote walikabidhi ofisi wakiwa hai, wakarudi majumbani kwao, wakazeeka wakitembelewa na wajukuu. Hii si sifa ndogo, na sisi wa kona hii ya nchi tunaijua thamani yake kuliko mtu wa Dodoma.

Tunaijua kwa sababu mipaka miwili iko hapa. Kaskazini ni Uganda, nchi ambayo tangu uhuru wake wa 1962 haijawahi kuona rais aliyechaguliwa akimkabidhi madaraka kwa amani rais mwingine aliyechaguliwa. Idi Amin alimpindua Obote Januari 25, 1971. Miaka saba baadaye deni la mapinduzi yale lililipwa na watu wa Kagera: Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Missenyi, yakaua, yakapora ng'ombe, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni yake. Vijana wetu walikwenda wakapigana mpaka Kampala, na si wote waliorudi. Yoweri Museveni naye aliingia Januari 1986. Ukomo wa vipindi uliondolewa 2005, ukomo wa umri ukaondolewa 2017, na mwanawe leo ndiye mkuu wa majeshi.

Magharibi, ng'ambo ya mto Kagera, ni Rwanda. Aprili 6, 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali akitokea kwenye mkutano Dar es Salaam. Waliokuwa wamejiandaa kuua walikwisha kujiandaa; kiti kilichobaki wazi kiliwapa mwanya. Ndani ya wiki chache watu walijaa Ngara, wakajaa Karagwe, Chabalisa na Kagenyi kukawa miji ya turubai, misitu yetu ikaisha kwa kuni, visima vikakauka kwa ndoo. Mtu mzima yeyote wa hapa anakumbuka. Kwa hiyo asije mtu kutufundisha kwamba amani ni muhimu. Tuliipokea gharama ya kukosekana kwake mlangoni, tukaigawia mihogo na ndizi.

Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo nakataa hoja ambayo CCM imeishi nayo miaka yote: kwamba urithi wa urais ukiamuliwa na wachache, ndani ya ukumbi, chini ya utamaduni wa chama, nchi inatulia, na ukiachwa kwa wananchi, nchi inawaka. Januari 2025 uamuzi ulifanywa na wachache, ndani ya ukumbi, kwa utamaduni wa chama. Na Oktoba nchi iliwaka. Hoja ile imekufa siku ile, imezikwa pamoja na waliozikwa. Jirani yetu Rais Kagame alitangazwa mshindi kwa asilimia 99.18 Julai 2024. Sisi tumefika 97.66. Tulizoea kuwatazama majirani kwa huruma. Leo tumebakiza hatua moja na nusu tukae nao benchi moja.

Ukumbi huo una historia ndefu. Januari 1984 Aboud Jumbe aliingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma akiwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alitoka akiwa raia wa kawaida. Wazanzibari hawakuulizwa kabla wala baada. Nafasi aliyoiacha ndiyo iliyompandisha Mwinyi, na mwaka uliofuata ukumbi huo huo ukampendelea Mwinyi mbele ya Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa. Mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza ya kura za Mkutano Mkuu, Mkapa akashinda ya pili, na hakuna aliyekuwa na shaka mkono wa Mwalimu ulielekea wapi. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa lilikatwa kabla hata wajumbe wa Mkutano Mkuu hawajaliona kwenye karatasi. Aliyetoka ni John Magufuli, mtu wa Chato, wilaya iliyokuwa ya mkoa wetu wa Kagera hadi Geita ilipoanzishwa 2012. Sisi tulifurahi, kwa kuwa alikuwa wa kwetu. Furaha ile ilitufanya tusiulize ni nani aliyemchagua na kwa nini.

Tusidhani mambo haya yameanza na vyama. Karagwe ilikuwa na dola yake karne nyingi kabla ya Dodoma kuwa na ukumbi. Omukama Ndagara alipofariki, katikati ya miaka ya 1850, wanawe walishindania kiti. Mmoja wao, Rumanyika, alimsimulia mpelelezi Mwingereza Speke aliyefika Bweranyange Novemba 1861 jinsi mrithi alivyopatikana: ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wana watatu wa mfalme, nyepesi kama unyoya, lakini yenye dawa, hata ikawa nzito kwa kila asiyestahili. Ndugu zake walihangaika nayo hawakuiweza. Yeye akainyanyua kwa kidole cha mwisho.

Ni simulizi nzuri, nami naipenda. Lakini kuna sehemu nyingine ya habari hiyo ambayo iliandikwa na mpelelezi mwingine, Burton. Rogero, ndugu yake Rumanyika, hakuikubali ngoma ile, alimzingira. Kilichomtoa Rumanyika kwenye mzingiro ni Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Tabora aliyefanya biashara ya meno ya tembo, aliyempelekea Kabaka Suna wa Buganda pembe za ndovu ili amwondoe Rogero. Ngoma iliinuliwa kwa kidole, lakini kiti kililindwa kwa pembe na kwa jeshi la nchi jirani. Na hata hivyo Rumanyika ana jambo moja la kumzidi kila aliyeupata urais wetu kwa njia za ukumbini. Hakuwapanga Wanyambo foleni asubuhi juani, akawachovya vidole wino, halafu akawaambia kwamba wao ndio waliomchagua.

Tulifuta utemi kisheria mwaka 1963, tukasema sasa ni zama za wananchi. Tazama basi jinsi wananchi tulivyotendewa Machi 2021. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27. Zikapita siku 18. Waziri Mkuu akasimama msikitini Njombe akasema Rais yuko imara, anachapa kazi. Polisi wakakamata watu waliouliza Rais yuko wapi. Machi 17 usiku Makamu wa Rais akatangaza kifo. Katika falme nyingi za ukanda huu wa maziwa makuu kifo cha mfalme kilifichwa hadi mrithi awe salama. Hizo zilikuwa falme. Sisi tunayo Katiba yenye Ibara ya 37, inayosema waziwazi kwamba Rais akifariki Makamu anashika kiti kwa muda uliobaki. Ibara ile ilifanya kazi vizuri: Machi 19 Samia aliapishwa, hakuna risasi iliyolia, hakuna jenerali aliyekwenda redioni. Sheria ilipoandikwa wazi ilitosha. Ni mahali ilipoandikwa kwa hila ndipo tunapovuja damu.

Na hila yenyewe ni hii. Diwani wa kata ya Ihembe akitangazwa mshindi, mpinzani wake anaweza kwenda mahakamani kesho yake. Mbunge wa Karagwe akitangazwa, kesi itasikilizwa Mahakama Kuu Bukoba, mashahidi watapanda basi, masanduku yatafunguliwa, na jaji anaweza kuutengua ushindi. Rais akitangazwa, Ibara ya 41(7) inasema hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Yaani kadiri cheo kinavyokuwa kikubwa ndivyo uthibitisho wake unavyokuwa mdogo. Diwani anayegawa mifuko michache ya saruji anahojiwa, na amiri jeshi mkuu hahojiwi! Hakuna Mtanzania mwenye akili timamu angeandika kifungu hicho kwa manufaa ya nchi yake.

Mwaka 2020, Julai 15, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, hapa hapa kwetu, ilisema kifungu hicho kinavunja haki za raia. Kesi ililetwa na wakili Jebra Kambole. Miaka saba kabla, Juni 14, 2013, mahakama hiyo hiyo ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mtu kugombea kwa sababu hana chama ni kumnyima haki yake. Mtikila alianza kuipigania hoja hiyo mapema miaka ya 1990. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa haki. Mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba ili kuifunga njia. Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni suala la Bunge. Mtikila alifariki Oktoba 2015, hukumu ya Arusha iko mkononi, haijatekelezwa. Serikali yetu ilifanya nini? Novemba 2019 ilijitoa kwenye tamko linaloruhusu raia kupeleka kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwenyeji aliyempa mgeni nyumba alimzuia mwanawe asimsalimie.

Jaji Joseph Warioba na tume yake ya mabadiliko ya Katiba walizunguka nchi nzima wakatusikiliza. Rasimu ikaandikwa, Bunge Maalumu likaikatakata, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa. Bado imeahirishwa.

Nasikia jibu tayari: mkulima wa Ihembe ana shida ya barabara, ya bei ya kahawa, ya mnyauko wa migomba, Ibara ya 41 itamsaidia nini? Wanaosema hivyo hawajawahi kulipwa kahawa yao kwa kuchelewa msimu mzima. Nani anateua mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri? Rais. Nani anaamua kama kahawa ipite ushirika au soko huria, kama gunia lililovuka Murongo kwenda Uganda ni biashara au ni magendo ya kufungia watu? Serikali ya Rais. Mtu anayeamua mambo hayo yote akishajua kwamba alipokipatia kiti ni ukumbini Dodoma, na kwamba mahakama imefungwa mdomo, atamwogopa nani hapa Kagera? Atawaogopa wa ukumbini. Sisi atatuletea kanga na fulana.

Kwa mujibu wa Ibara ya 40, aliyeshika kiti cha Rais kwa miaka mitatu au zaidi ya muhula wa mwenzake anagombea mara moja tu. Rais Samia alishika kwa miaka minne na zaidi. Mara yake ilikuwa 2025. Kwa hiyo 2030 lazima aje mtu mwingine, na minong'ono imekwisha kuanza: huyu ana kundi hili, yule ana fedha, fulani ni zamu ya ukanda wake. Mashamba yanapimwa tena kwa macho. Tena nawaonya mapema wale watakaojitokeza na hoja ya kuongeza muda. Walikuwepo enzi za Magufuli, mbunge alitaka muhula uwe miaka saba, na makofi yalikuwa mengi. Watarudi. Huo ukomo wa vipindi ndio ukuta pekee tuliobaki nao, na atakayeuchokonoa tumtaje kwa jina, tusimwite mzalendo.

Waheshimiwa wabunge wetu wawili, wa Karagwe na wa Kyerwa, nawaambia ninyi kwa sababu Ibara ya 98 imewapa funguo. Katiba hubadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge, na chama chenu kina viti karibu vyote bungeni. Hamna pa kujificha; hakuna upinzani wa kuusingizia. Pelekeni muswada wa kufuta Ibara ya 41(7) na wa kumruhusu mgombea binafsi, kama Arusha ilivyoamuru mara mbili. Tume ya uchaguzi isiundwe na mtu ambaye jina lake litakuwa kwenye karatasi ya kura. Tume iliyoundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza ya Oktoba 29, kila neno lililomo katika kazi yake lisomwe hadharani, pamoja na majina ya waliokufa.

Mkirudi kwa ziara zenu, msije na wasanii. Njooni Ihembe siku ya gulio, msimame mbele ya watu, na kila mmoja aseme kama atapiga kura ya kukifuta kifungu hicho kabla ya 2030 au hatapiga. Neno moja linatosha, na tutaliandika na tarehe yake.